Sentimita Moja

Fundi Uzi alikataa katakata kulipeleka gari kwenye mashine. Alikataa Ijumaa, akarudia Jumamosi, na Jumapili asubuhi alikuwa ameshalala chini ya gari uani kwake, miguu nje, akigombana na nati iliyoshika kutu.

Jina hilo alipewa na watu wa mtaa, na wala halikuwa la sifa. Miaka ishirini na sita alikuwa akinyoosha magurudumu ya magari kwa uzi, chaki na jicho lake, katika gereji ya mtu. Kisha ikaletwa mashine ya kufanya kazi hiyo hiyo, yenye kioo, na mwenye gereji akamwambia sasa mzee apumzike. Tangu siku hiyo, ukitaka kumwona Fundi Uzi amevimba mishipa ya shingo, mtajie mashine.

"Mashine inajua nini?" alisema kutoka chini ya gari. "Mashine imewahi kulala kwenye grisi? Chaki iko wapi?"

Mkewe, mshonaji, akamsogezea chaki kwa mguu, maana kuinama hakuwezi. Magoti yake yalikuwa yamechoka na pedeli ya cherehani, akikunja moja linalia, akikunja la pili analia yeye. Kwa hiyo kazi ilikuwa imeshagawanywa: mama atakaa kwenye kigoda mbele ya gari, na kwingine kote ataingia Pindo.

Pindo ni binti wa mama, si wa mzee. Alikuja nyumba hii akiwa na miaka minne, ameshikilia pindo la gauni la mama yake bila kuubandua mkono, ndipo likatoka jina. Sasa ana miaka kumi na tisa, na gari lile dogo la mizigo linamzidi mitatu. Mzee alikuwa analifuta gari kila asubuhi. Pindo alimwita baba, naye aliitikia siku alizotaka.

Kiwanda cha mikate kilimpa mzee wiki mbili za majaribio ya kusambaza mikate. Akifaulu, mkataba wa mwaka. Sharti lilikuwa matairi mapya ya mbele, na matairi yalipatikana kwa ovaloki ya Pindo, ile mashine ya kuzungushia uzi kwenye kingo za nguo zisifumuke. Pindo aliipata kwa kushona sare za shule miaka miwili mfululizo. Mzee aliibeba mwenyewe, akaibadilisha kwa matairi mawili, akarudi anapiga mluzi.

"Ni kuazima tu," alimwambia binti. "Mkataba ukitoka, mashine yako inarudi kabla meza haijashika vumbi. Mimi si mtu wa kula jasho la mtoto."

Mama alishukuru. Pindo alijua hesabu ya nyumba ile. Asiyeingiza kitu huitwa mgeni, na mzee alikuwa ameshatamka neno hilo mara mbili mezani, akimtazama yeye. Bila ovaloki hana kazi. Mkataba usipotoka, ovaloki hairudi. Binti mzima alikuwa ananing'inia kwenye matairi mawili, na wote watatu walilijua hilo.

"Haya, kila mtu mahali pake!" mzee aliamuru.

Usukani ulikuwa umekazwa kwa ubao usiyumbe. Aliinua gari kwa jeki, akazungusha kila gurudumu la mbele huku ameliegemezea chaki, ukabaki mstari mweupe katikati ya tairi. Akalishusha. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unapima kutoka mstari hadi mstari kwa mbele ya matairi, kisha unapima kwa nyuma yake, na vipimo viwili vikikaribiana, magurudumu yanatazama njia moja. Mbele pakiwa pungufu kwa milimita mbili, ndiyo raha yenyewe.

Futi yake ya chuma ilikuwa imekatika siku nyingi, kwa hiyo alichukua futi ya kushonea ya mkewe. Ilikuwa futi kuukuu ya kitambaa. Kile kibati cha mwanzo kiling'oka zamani, na sentimita ya kwanza ilikuwa imechakaa, nyuzi nje. Mama hakuwahi kuitupa. Alizoea kuishikia kwenye alama ya moja badala ya mwanzo wake, kisha kichwani anatoa moja. Alipima mabega na viuno vya mtaa mzima kwa namna hiyo, na nguo zikakaa.

"Mama, shika hapo kwenye mstari, mimi nasoma huku."

"Baba, hii futi ina—" mama alianza.

"Ina nini? Nimekwambia ushike, sikukwambia unisomee. Mnapenda sana kuongea wakati wa kazi, ndiyo maana hamfiki."

Kinyozi wa jirani alikuwa amekaa ukutani na kikombe chake, miguu inaning'inia upande wao. Alicheka. Mama aliona aibu, akafunga mdomo, akabana kidole gumba kwenye alama ya moja kama alivyofanya maisha yake yote.

"Mia thelathini na tano na milimita sita," mzee alisoma. "Pindo! Ingia chini."

Pindo akaingia kwa mgongo, akavuta futi nyuma ya matairi. Kule chini giza. Alipapasa mpaka akapata mwisho wa futi, ule wa nyuzi, akauweka kwenye mstari wa chaki. Mwisho wa futi ni mwisho wa futi, yeyote angeshika hapo. Yeye alijifunza kushona kwa futi yake mwenyewe, mpya, yenye kibati.

"Mia thelathini na nne na nusu. Loo!" Mzee akapiga kofi juu ya boneti. "Mmeona? Mbele pamefunguka sentimita nzima na ushei! Ningetoka hivi, matairi yangeisha kabla ya Ijumaa. Na bado mtu ananiambia mashine."

"Fundi Uzi, lakini kwa macho mbona yanaonekana yamenyooka?" kinyozi alisema kutoka ukutani.

"Wewe tazama vichwa vya watu."

Alizungusha chuma cha usukani cha kushoto, akazungusha cha kulia, akalisukuma gari mbele na nyuma ili matairi yakae, akapima tena. Mama mbele, kidole kwenye moja. Pindo nyuma, kwenye mwisho wa futi. Mara nne hivyo. Mara ya nne mbele pakasomeka pungufu kwa milimita mbili tu, na mzee akakaza nati kwa nguvu zake zote, akasimama, akajinyoosha mgongo.

"Hiyo ndiyo kazi," alisema. "Mtu akiuliza nani kanyoosha, mseme ni Fundi Uzi."

Gari lilikuwa zima asubuhi ile, kabla hajaligusa.

*

Wiki ya kwanza matairi yalilia kwenye kila kona. Mzee alisema ni mapya, bado hayajazoea lami. Harufu ya mpira ikaanza kumfuata mpaka uani, akasema ni breki za magari mengine. Kulipima gari upya kungekuwa kukiri, na yeye kukiri hakuwezi kama mkewe asivyoweza kuinama.

Siku ya tisa alikuwa kwenye foleni ya kupakia pale kiwandani, kreti za kwanza zimeshaingia garini. Msimamizi wa zamu, mwanamke mfupi mwenye kalamu sikioni, alipita akihesabu kreti. Akasimama mbele ya gari lake, akainama.

"Mzee, hebu njoo. Hiki ni nini?"

Fundi Uzi akaja. Ukingo wa nje wa tairi ulikuwa umeliwa mpaka nyuzi zimetokeza. Akaenda upande wa pili, nao vilevile. Katikati ya tairi bado palikuwa papya kabisa, hata vile vinywele vya mpira vilikuwa havijaisha.

"Matairi haya si ulinionyesha juzi, na karatasi zake?"

"Ndiyo, mama. Labda ni ya bandia."

Mtu wa pancha alikuwa na kibanda chake nje ya lango. Msimamizi akamwita. Akaja anafuta mikono, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi, akatikisa kichwa.

"Tairi halina kosa hili. Magurudumu yametazamana kwa ndani kama watu wanaotaka kupigana. Nani amelinyoosha gari hili? Kipofu?"

Wapakiaji sita walikuwa wamesimama na kreti mabegani. Walikuwa wanasikiliza.

"Ni fundi mmoja tu, huko mtaani kwetu."

"Basi mwambie akauze nyanya, atatuulia watu."

"Si wewe mwenyewe huyo?" mpakiaji mmoja akadakia. "Huyu ni Fundi Uzi! Alinyoosha gari la mjomba wangu miaka ile!"

Wakacheka wote sita. Mmoja alicheka mpaka ikabidi aweke kreti chini. Msimamizi hakucheka, na hilo lilimuuma mzee kuliko kicheko. Alichomoa kalamu sikioni, akaandika.

"Mikate yangu inakwenda shuleni, mzee. Siwezi kuipakia humu. Nakupa mpaka Jumatatu. Uje na matairi ya kueleweka na gari lililonyooka. Kama huwezi mwenyewe, pale kona kuna mashine, wala si aibu."

Alisema si aibu, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Wapakiaji wakaishusha mikate yake iliyokwisha kupakiwa, kreti moja moja, wakaihamishia kwenye gari la nyuma yake. Mzee alisimama kofia mkononi mpaka kreti ya mwisho.

*

Alifika nyumbani saa nane mchana. Mama alikuwa kwenye cherehani, na Pindo anamshonea pindo la sketi kwa mkono, maana mashine hana.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Alivua kofia, akaiweka juu ya kitambaa cha mteja, na mama hakuthubutu kuiondoa.

"Siku ile chini ya gari," alimwambia Pindo, "ulikuwa unashika nini?"

"Futi, baba."

"Uliishika wapi?"

"Mwisho wake. Kwenye mstari wa chaki, kama ulivyosema."

"Mwongo! Matairi yameliwa mpaka nyuzi! Sentimita ile nzima niliyoirekebisha haikuwapo. Nimeipiga hesabu njia nzima, nikiwa nimefungua madirisha nisife kwa hasira. Mimi nilikuwa nasoma, jicho langu nalijua. Mama yako alikuwa mbele, nimemwona kwa macho yangu, mkono haukutikisika. Ni nani tuliyekuwa hatumwoni? Nani alikuwa gizani kule?"

Pindo aliweka sketi magotini. "Baba, mimi nilishika mwisho wa futi. Naapa."

"Ulikuwa umelala. Au ulikuwa unawaza ovaloki. Ulikaa na kinyongo chako kule chini ukasema, ngoja nimwonyeshe mzee huyu."

"Sikufanya hivyo."

"Mara nne! Mara nne umenipa kipimo cha uongo!"

Mama alikuwa ameshaacha kukanyaga pedeli. Futi ilikuwa shingoni mwake, inapokaa siku zote. Mkono wake ulipanda wenyewe kuigusa, na kidole gumba kikatua kwenye alama ya moja bila hata kutafuta. Hapo ndipo alipojua. Alijua kwa kidole kwanza, kisha kichwani.

Sentimita moja. Ilikuwa yake. Alikuwa ametaka kumwambia siku ile, na mzee akamkata kauli. Neno lilikuwa tayari mdomoni, fupi tu: Ni mimi. Lakini alimtazama mumewe, akaona ile mishipa ya shingo, akaona na mkono uliokuwa unafungua na kufunga spana ambayo haipo. Akamtazama na binti. Pindo alikuwa anamtazama yeye, si mzee.

"Mama," mzee aligeuka, "wewe ulishika sawasawa au hukushika?"

Mtaani mtu alikuwa anagonga bati.

"Nilishika sawasawa," mama alisema.

"Umesikia?" Mzee alimwambia Pindo kwa utulivu sasa, karibu kwa furaha. Alikuwa amepata mahali pa kuutua ule mzigo wa vicheko sita. "Mimi nimelea mtoto wa mtu miaka kumi na tano. Nimelisha, nimevisha. Leo ananifanya kichekesho mbele ya wapakiaji. Sitaki fujo wala sitakupiga, wewe ni mtu mzima. Kesho jua likichomoza, uwe kwa mama yako mdogo. Hapa pumziko lako limekwisha, mgeni."

"Na ovaloki yangu?"

"Iko kwenye lami," mzee alisema. "Kaiokote."

*

Asubuhi Pindo alifungasha kwenye mfuko mmoja wa plastiki wenye zipu. Nguo, mkasi, futi yake, na kopo la vifungo. Mama alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kwa mama mdogo watakupokea," alisema.

"Wanalala sita kwenye vyumba viwili, mama. Alishatuambia hana nafasi."

"Nitamtumia salamu."

Pindo alivuta zipu mpaka mwisho. Kisha akasema bila kuinua sauti, kwa sababu mzee alikuwa uani analifuta gari.

"Ulishikia kwenye moja."

Mama akashika fremu ya mlango. "Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Mikono yako naijua. Nilijua jana alipotaja sentimita."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Mama alianza kulia, machozi ya kweli kabisa, yakimwagikia futi shingoni. "Nitamwambia, mwanangu. Akitulia. Leo nikimwambia ndimi nitakayetoka. Na mimi nitakwenda wapi na magoti haya? Nani atanipokea? Wewe unajiweza. Wewe una miguu."

Pindo aliutazama mguu wake mmoja, kisha wa pili, kana kwamba ni mara ya kwanza kuviona viungo hivyo. Akacheka kidogo, kicheko kibaya.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ninayo miguu."

Akaubeba mfuko, akapita uani. Alisema, "Baba, nakwenda," na mzee akaendelea kusugua kioo. Kinyozi alikuwa ukutani na kikombe chake. Aliona yote. Akasema, "Safari njema, Pindo," akanywa.

*

Jumapili iliyofuata mzee alipata matairi mawili ya mtumba kwa mtu wa pancha, aliyemkatalia mara mbili kabla hajamkubalia. Chumba cha Pindo kilikuwa kimeshapangwa kreti tupu za mikate hadi dirishani.

"Haya, kila mtu mahali pake," mzee alisema, akakumbuka kwamba hakuna kila mtu. "Mama, utashika mbele, halafu utaingia na nyuma."

"Baba, magoti."

"Utaingia polepole. Nani mwingine yuko hapa?"

Mama alishika mbele, kidole kwenye moja. Mzee akasoma. Kisha mama akajishusha chini, goti la kwanza likalia, la pili akalia yeye, akajiburuta kwa mgongo chini ya gari mpaka kwenye ule ubaridi wa mafuta alipolala mwanawe. Akapapasa futi gizani. Kidole gumba hakikumuuliza. Kilikwenda kwenye moja.

"Mia thelathini na sita, na mbele ni mia thelathini na nne na milimita nane. Ala!" Mzee alipiga boneti. "Ona palivyofinywa! Ona alivyonifanyia yule!"

Alizungusha vyuma, akalisukuma gari, mama akatoka na kuingia tena. Kila kuingia alipiga kelele kidogo, na kila mara mzee alimwambia karibu tunamaliza. Mara ya tatu vipimo vikakubaliana. Mbele pungufu kwa milimita mbili, na safari hii zilikuwa mbili kweli. Mzee alipima kwa uzi, akapima kwa jicho, akakosa kasoro. Alikaza nati, akasimama katikati ya uani, mikono kiunoni.

"Kinyozi! Njoo utazame!" Kisha akainama kidogo kuelekea chini ya gari. "Mama, unaona? Fundi ni yule yule, futi ni ile ile. Sasa gari limenyooka. Kilichopungua hapa ni nini?"

Mama alikuwa bado amelala kule chini. Hakuweza kujigeuza, achilia mbali kuinuka. Futi ilikuwa bado mkononi, kidole kwenye moja. Angeweza kusema sasa. Mzee alikuwa ametulia.

"Nakuuliza, mama. Kilichopungua ni nini?"

"Pindo," mama alisema.

"Basi toka hapo," mzee alisema, "nataka kulijaribu."